Kicheko Kando ya Jeneza

Ikiwa unaishi Nairobi au Nakuru na una jamaa wa kutoka kusini mwa Nyanza, basi safari ya Ijumaa jioni unaijua vyema. Basi limekodishwa, jeneza limefungwa kamba, vitambaa vyekundu vinapepea mbele ya gari, na waombolezaji wamebanana vitini kuelekea Homa Bay, Ndhiwa, Rongo au Migori. Saa ya kwanza huwa ni nyimbo za kanisani na kilio cha hapa na pale. Mkifika Narok, mtu amekwisha kukumbuka jinsi marehemu alivyokuwa bingwa wa kukopa na kusahau. Mkifika Kisii, basi zima linaangua kicheko, wafiwa wakiwemo, na kama kuna runinga mle ndani, utingo hatasahau kuiwasha.

Mgeni akiona hayo atadhani watu hawa hawana haya. La hasha! Wamelia mochari, na watalia tena alfajiri watakapolifikia lango la boma. Kicheko hicho cha katikati hakifuti kilio. Kimekaa nacho pamoja, kama abiria wawili wanaogawana kiti kimoja. Nataka tukizungumzie leo kwa sababu kuna aina nzima ya filamu iliyojengwa juu yake, na kwa sababu mzazi anayemkuta mwanawe sebuleni akicheka huku mtu anakufa kwenye kioo hukosa la kufanya: amgombeze, au avute kiti aketi naye?

Wazungu huziita filamu za namna hii vichekesho vyeusi. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amekwisha kufundishwa kutenganisha tanzia na futuhi, na kuambiwa kwamba mchezo unaochanganya machozi na kicheko ni tanzia-ramsa. Lakini angalia tofauti. Katika tanzia-ramsa, huzuni na mzaha hupeana zamu: mlevi huingizwa jukwaani baada ya mazishi ili mtazamaji apate kupumua. Katika kichekesho cheusi hakuna zamu. Kinachokuchekesha ndicho kile kile kinachokutisha. Mazishi yenyewe ndiyo mzaha.

Mfano unaotajwa sana duniani ni Dr. Strangelove, filamu ya mwaka wa 1964. Mwelekezi wake, Stanley Kubrick, alikusudia kutengeneza filamu ya kutisha kabisa kuhusu vita vya nyuklia, akitegemea riwaya ya Peter George ambayo haikuwa na mzaha hata chembe. Kila alipokaa kupanga matukio alijikuta akitupa mambo ambayo yangewafanya watu wacheke, mpaka akatambua kwamba hayo aliyoyatupa ndiyo yaliyokuwa kweli kuliko yote. Akayaokota. Ndiyo maana katika filamu hiyo kuna ofisa wa kijeshi anayejua jinsi ya kuiokoa dunia lakini hana sarafu za kutosha za kupigia simu. Unacheka, kisha unakumbuka kwamba dunia hiyo ni pamoja na nyumba yako.

Sasa turudi ziwani, maana watu wa Homa Bay na Migori hawakumngojea Kubrick awafundishe. Mzee mwenye heshima akifa miongoni mwa Wajaluo, kuna desturi iitwayo tero buru. Vijana na wazee huwatoa ng'ombe mbio, mikuki na ngao mikononi, vumbi likitimka, wakaenda kukifukuza kifo mpaka nje ya mipaka ya kijiji. Ni vita bila adui anayeonekana. Watu hupiga kelele, huigiza mapigano, huanguka, huinuka. Zamani mjane aliweza kuvaa koti na kofia ya mumewe aliyelala ndani, akapita nayo mbele za watu. Huo ni mchezo wa kuigiza kamili, na jukwaa lake ni kaburi.

Usiku, muziki ukipigwa, huja pakruok. Mtu hutoa pesa, muziki hunyamaza, naye hupewa nafasi ya kujisifu au kumsifu rafiki yake kwa maneno ya kupita kiasi, mengine ya kuvunja mbavu, kisha ngoma huendelea. Katika matanga pesa hizo husaidia gharama. Hapo kila mcheshi amelipa kabla ya kufungua mdomo. Tafadhali liweke jambo hilo akilini; tutalihitaji.

Hata hadithi za pwani hiyo ya ziwa zina mzaha wa namna hii. Kule Nyandiwa, katika Gwassi, watoto husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke mzee kwenye mtego wake wa samaki badala ya samaki. Akamchukua nyumbani, na utajiri wa mifugo ukafuata. Siku moja akarudi amelewa, akamtukana mwanamke huyo. Mwanamke akainuka, akaenda zake ziwani, na ng'ombe wakamfuata, na mbuzi wakamfuata, na kuku nao wakamfuata, mpaka boma likabaki tupu. Nyamgondho akabaki amesimama ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Msimulizi hodari hukawia kwenye mifugo, mnyama mmoja baada ya mwingine, na watoto hucheka kila mnyama anapoongezwa. Wanacheka mtu akifilisika. Mwishoni hunyamaza wenyewe, bila kuamriwa.

Ukivuka mpaka pale Isebania, mkoani kwa Wakuria wa Migori, ukaingia Sirari na kuendelea hadi Mwanza na bara yote ya Tanzania, utakuta jambo lenye sheria kali zaidi, nalo ni utani. Makabila fulani ni watani wa jadi. Wasukuma na Wanyamwezi, kwa mfano, wana utani na Wazaramo. Msiba ukitokea, mtani hufika na kufanya visa ambavyo ndugu akivifanya atalaaniwa. Humwiga marehemu alivyotembea. Huzuia mazishi mpaka apewe chochote. Huweza hata kushuka kaburini na kulala humo akidai kwamba nafasi ni yake. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

Wengi wanaousimulia utani huishia hapo, kwenye kichekesho. Husahau nusu ya pili. Mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayebeba maji, ndiye anayehangaika jikoni, ndiye anayefanya kazi chafu za msiba ambazo wenyewe wamelemewa kuzifanya. Ruhusa ya kucheka ameinunua kwa jembe. Na kesho msiba ukiwa kwake, zamu ya kuchekwa itamfikia.

Hiki ndicho kipimo ninachokupendekezea, msomaji, kila utakapoketi mbele ya filamu inayokuchekesha kwa kifo: je, filamu hii inachimba kaburi, au imekuja tu kulala ndani yake?

Tuanze na filamu ambayo watu wa umri wangu tuliiona sote. Katika miaka ya 1980 na 1990, kanda za video za Rise and Fall of Idi Amin zilizunguka nchi hii zikatazamwa mpaka zikafifia. Ilitoka mwaka wa 1981, mwelekezi akiwa Sharad Patel, na ilipigwa papa hapa Kenya. Aliyeigiza Amin alikuwa Joseph Olita, mwana wa Siaya, ng'ambo tu ya ghuba kutoka Homa Bay. Alifanana na Amin kwa umbo na sura hivi kwamba miaka kumi baadaye aliitwa tena kumwigiza katika Mississippi Masala ya Mira Nair. Olita alifariki mwaka wa 2014, na mpaka leo ukitaja jina lake utaona watu wakitabasamu.

Kinachoshangaza ni kwamba filamu hiyo haikutengenezwa kuwa kichekesho. Ilinuia kutisha, na haikusita kuingiza hata uvumi wa kula nyama ya watu. Sisi watazamaji ndio tuliigeuza. Tuliigiza sauti ya Olita shuleni, tukaigiza mwendo wake na macho yake. Kwa nini? Nadhani jibu moja liko katika ramani. Mnamo Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda, na dai hilo lilikuwa na mizizi: hadi mwaka wa 1902 eneo la Nyanza lilihesabiwa katika Uganda ya Waingereza. Mtu wa Karungu au Mbita aliyesikia habari hizo redioni hakucheka. Miaka mitano baadaye Amin alikuwa mkimbizi, na yule aliyekuwa akitutisha sasa alionekana kwenye kioo akitoa macho, tena kwa sura ya jirani yetu wa Siaya. Kicheko kile kilikuwa pumzi iliyobanwa kwa muda mrefu.

Lakini hebu kipimo chetu kiulize swali lake. Amin anakadiriwa kuua watu hadi 300,000. Miongoni mwa wa kwanza kuchinjwa kambini, baada ya mapinduzi ya 1971, walikuwa askari wa Kiacholi na Kilangi. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977, alikuwa Mwacholi. Lugha zao ni za Kijaluo. Mjaluo wa Homa Bay akimsikiliza Mwacholi hushika maneno mengi bila mkalimani. Kwa hiyo tulipokuwa tukijigaragaza kwa kicheko, tuliwachekea binamu zetu kaburini, na filamu haikutusaidia kulijua hilo, kwa sababu wafu wake karibu wote hawana majina. Wanaletwa, wanauawa, wanaondolewa. Anayebaki akilini ni Amin peke yake.

Ilinganishe na The Last King of Scotland ya mwaka wa 2006, ambayo Forest Whitaker alipata Oscar kwa kuigiza Amin. Huko nako utacheka, na sana, katika nusu ya kwanza. Amin ni mcheshi, mkarimu, anapenda watu. Unampenda kama anavyompenda daktari kijana wa Kiskoti aliye kando yake. Kisha unaonyeshwa mwili wa Kay, mke wa Amin, na kicheko ulichokwisha kukitoa hakirudishiki. Filamu imekushika shati. Nakubali kwamba ina kasoro zake, mojawapo ikiwa ni kumtumia Mzungu kutuonyesha mambo ya Waganda, lakini katika hili imeshika jembe.

Kuna wacheshi wengine ambao kazi yao ni kuchekesha juu ya filamu za watu. Katika vibanda vya video vya miji midogo, kuanzia Awendo hadi Sindo, filamu ya Kichina au ya Kihindi haiachwi iseme yenyewe. Kuna sauti ya msimulizi juu yake. Kenya ina DJ Afro, Tanzania alivuma Lufufu, Uganda wako wengi. Shujaa wa Hong Kong hupewa jina la kwetu, na anayepigwa risasi husindikizwa na utani. Waganda wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, walikwenda mbele zaidi. Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010, filamu iliyotengenezwa kwa pesa ambazo harusi ndogo ingezimaliza kabla ya chakula, sauti ya VJ Emmie ilikuwa sehemu ya filamu yenyewe, ikishangilia kila maiti. Damu inaruka, na msimulizi anaitangaza kama mpira wa miguu. Nabwana alikulia katika Uganda ya Amin na ya vita vilivyofuata. Vifo vyake ni vya bandia kiasi kwamba hakuna aliyekufa, na hilo analijua kila mtu ukumbini. Sioni ubaya. Ni mchezo wa watoto waliookota maganda ya risasi na kuyageuza filimbi.

Kichekesho cheusi kilichonigusa kuliko vyote, hata hivyo, kimetoka Senegal, na ningependa kila ukoo unaopanda basi lile la Ijumaa ukitazame. Ni Guelwaar ya Ousmane Sembène, ya mwaka wa 1992. Mzee mmoja Mkatoliki, mwanaharakati mkali, amekufa. Jamaa wamekusanyika, padri yuko tayari, chakula kinapikwa. Maiti haipo! Huko mochari karatasi zimechanganywa, na mzee amekabidhiwa ukoo wa Kiislamu, ambao umekwisha kumzika katika makaburi yao kwa swala zote. Wakristo wanataka maiti yao. Waislamu hawakubali kaburi lao lifukuliwe, na wanaona ni tusi kuambiwa kwamba waliyemwombea si wao. Kati yao yuko askari polisi mwenye subira, na mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyetoka Ufaransa na anayejitapa kwa pasipoti ya Kifaransa mpaka unatamani kumpiga kibao.

Utacheka. Lakini kuna mahali ambapo mjane, Nogoy Marie, amebaki chumbani na suti ya mumewe iliyolazwa kitandani ikiingojea maiti isiyofika. Anaisemesha ile suti. Anaigombeza kama ambavyo hakupata kumgombeza mwenye suti. Msomaji wa Homa Bay aliyewahi kumwona bibi yake amevaa koti la babu siku ya mazishi hatahitaji kufafanuliwa chochote. Na kabla filamu haijaisha utajua kwamba mzee huyo hakufa bure: aliuawa kwa kusema hadharani kwamba taifa linaloishi kwa kuomba chakula limejidhalilisha. Sembène ametuchekesha kwa maiti iliyopotea ili tusiweze kuipoteza tena.

Sisi wenyewe tulikuwa na kisa cha namna hiyo, tena bila kamera. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Kwa muda wa miezi mitano maiti ilibaki Nairobi huku mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager wakibishana mahakamani ni nani mwenye haki ya kumzika. Nchi nzima ilifuata. Profesa wa falsafa, Odera Oruka, alitoa ushahidi. Mchimba kaburi naye alitoa ushahidi, akieleza yale ambayo marehemu alimwambia kuhusu kaburi lake. Katika vilabu vya Migori na Homa Bay, kama kwingineko, watu waliigiza mahojiano hayo na kucheka mpaka machozi.

Ukitaka kuandika filamu ya kesi hiyo, msomaji mwanafunzi, mzaha uko tele, hauhitaji kuongeza chumvi. Ila kuna mwanamke ambaye hakuhudhuria mazishi ya mume wake. Ukimweka nje ya hadithi, au ukimweka ndani kama kituko tu cha mwanamke mkaidi, utakuwa umeandika pakruok ya upande mmoja ambayo mwenye kusifiwa hakuilipia.

Hapo ndipo tunapofika penye jambo gumu, na siwezi kulizunguka nikiandika juu ya pande hizi. Ukimwi ulipoingia ukanda wa ziwa, watu waliupa majina ya mzaha kabla ya kuupa dawa. Upande wa Kagera, Tanzania, uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichoingia kwa magendo kutoka Uganda. Kwa Dholuo ukaitwa ayaki, neno lenye maana ya kuporwa. Mjini tukasema fulani amekanyaga waya. Na herufi nne za jina lake la Kiingereza, A, I, D na S, zikatungiwa msemo ulioenea kutoka Tanzania: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Wanaozungumza Kifaransa walikuwa na wa kwao, wakidai kwamba herufi za SIDA ni za ugonjwa wa kubuniwa ili kuwakatisha tamaa wapendanao.

Kwa mtazamo wa kwanza msemo ule unafaulu mtihani wa mtani. Msemaji hamcheki mgonjwa. Anajilaza mwenyewe kaburini. Una ujasiri, una mdundo, na kwa mtu aliyekuwa akizika jirani kila mwezi bila kuthubutu kutaja sababu, ulikuwa njia ya kutaja. Hiyo ndiyo thamani ya kichekesho cheusi: hulisema lile ambalo tanzia ya redioni hulificha kwa kusema marehemu aliugua kwa muda mrefu.

Lakini usome tena polepole. Kuna watu wawili ndani yake. Mmoja ni mwanamume, anayesema, anayechagua, anayechekesha. Mwingine ni dogodogo, na hakuna aliyemuuliza kama naye aachwe auawe. Yeye ndiye jeneza. Kicheko kile kilimhitaji mwili wake lakini hakikuhitaji sauti yake. Hapa mzaha haukusema ukweli uliofichwa. Uliufunika ukweli mmoja kwa mwingine, na kwa kuwa ulipendeza masikioni ulirudiwa na watu ambao hawakuwa wakitania tena. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, karibu mtu 1 katika kila 5. Migori walikuwa zaidi ya 1 katika kila 10. Ni katika hospitali ya Homa Bay ambapo Madaktari Wasio na Mipaka walianza mwaka wa 2001 kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, miongoni mwa mahali pa kwanza katika hospitali za umma nchini. Kabla ya hapo, mcheshi na dogodogo walizikwa wakiwa sawa.

Charlie Chaplin aliujua mpaka huu kwa machungu. Katika The Great Dictator ya mwaka wa 1940 alimgeuza Hitler kuwa kikaragosi anayecheza na puto la dunia. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1964, alikiri kwamba kama angalijua yaliyokuwa yakitendeka katika kambi za Wajerumani, asingeweza kuitengeneza filamu ile. Watu humsifu kwa unyenyekevu wa kauli hiyo. Mimi nafurahi kwamba hakujua mapema, maana mwaka ule Hitler alihitaji sana kuchekwa. Mpaka, basi, hausimami mahali pamoja. Huhama kadiri maiti zinavyohesabiwa.

Serikali nazo huchora mpaka wao, kwa kalamu nene. Januari 2014 bodi yetu ya filamu ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, kichekesho cheusi cha Martin Scorsese kuhusu matapeli wa soko la hisa, ikisema kwamba kila kitu kina mpaka. Kweli kina. Ila bodi ilihesabu uchi, dawa za kulevya na matusi, mambo ambayo huhesabika. Haikuuliza kama filamu ile inawakumbuka maskini waliotapeliwa, ambalo kwa maoni yangu ndilo doa lake. Tunacheka na mwizi kwa saa tatu na hatuwaoni walioibiwa. Huko nyumbani uulize swali hilo hata kama bodi haikuliuliza.

Kwa wenye watoto wadogo, nashauri mwanzo mwingine: Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka wa 2018. Msichana Jo ni mgonjwa wa kufa na anatamani kuwa shujaa anayeruka angani, na kijiji kizima kinajiunga kumtengenezea filamu. Si nyeusi sana. Tuseme ni ya kijivu. Mtoto wa miaka minane atacheka na kuuliza maswali, nawe uwe tayari kuyajibu, hasa kama mmetoka kumzika nyanya yake. Kwa wa sekondari, Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, ya David Gitonga, ni darasa tosha. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza, na anakutana na Oti, kiongozi wa genge lake la baadaye, mle ndani ya seli baada ya kulazimishwa kusafisha choo ambacho sitakielezea katika gazeti la familia. Unacheka na vijana hao mpaka unawazoea. Ndipo polisi wanapofika, na wanaoanguka ni watu unaowajua kwa majina.

Na kama wewe ni mwanafunzi unayetamani kutengeneza kichekesho cheusi chako, usihangaike kutafuta kisa London. Kuna Migingo, mwamba ulio ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Nyatike katika kaunti ya Migori. Ukubwa wake haufikii uwanja wa kandanda, na mamia ya wavuvi na wachuuzi wamebanana juu yake kwenye vibanda vya mabati, kwa ajili ya mbuta walio majini kuuzunguka. Uganda ilipeleka polisi wake, Kenya ikalalamika, bendera zikapandishwa na kushushwa. Mwaka wa 2009 Rais Museveni alisema kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini maji ni ya Uganda. Fikiria mvuvi aliyeketi juu ya mwamba wa nchi yake, miguu ikining'inia katika nchi ya kigeni.

Kubrick angelia kwa wivu. Lakini wavuvi walikamatwa kweli, samaki na mashine za boti zao zikachukuliwa kweli, na kuna nyumba za Nyatike ambazo usiku huo hazikupika. Kwa hiyo ukimaliza kuipiga filamu yako, usiizindue katika ukumbi wa Nairobi wenye viti laini. Nenda Muhuru Bay, utundike shuka jeupe, uwashe jenereta, uwaketishe mbele wale wanaokwenda majini alfajiri. Uwashe taa kidogo, uwatazame wao badala ya filamu, na uandike kwenye daftari ni wapi walipocheka na ni wapi walipogeuka kuangalia ziwa.